Mauzo ya Jina la Fundi Saa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi. Anayekaa mwisho, upande wa kivuli, wanamwita Karani, ingawa ofisi hana. Kazi yake anaifanyia nyumbani, kwenye kompyuta iliyo juu ya meza ya kulia, meza ambayo tangu mkewe afariki haijapata mlaji mwingine. Watu huuziana majina ya tovuti kama wanavyouziana viwanja: aliyetangulia kuliandikisha jina ndiye mwenyewe, na akitaka analiuza. Karani hukusanya habari za mauzo hayo na kuyatangaza katika ripoti ya kila wiki, lakini kwanza humwandikia muuzaji, akamwandikia na mnunuzi, kila mmoja athibitishe. Majibu mengi huja kwa neno moja tu: ndiyo. Ziko wiki ambazo, ukiacha maneno ya kijiweni, hilo ndilo neno pekee analoambiwa na binadamu.

Asubuhi hiyo alikuta benchi limechangamka. Fundi Saa, ambaye kibanda chake kinatazamana nalo, alikuwa ametangaza kwamba jina la tovuti yake, lile aliloliandikisha zamani kwa ajili ya biashara, limenunuliwa na kampuni ya ng'ambo kwa bei ya nyumba. Kahawa ya wote ilikuwa juu yake.

— Karani, umechelewa, alisema Kinyozi. Mwenzio keshakuwa tajiri, sisi tumebaki na nywele za watu.

— Nimesikia.

— Umesikia tu? Si wewe ndiye wa kumtangaza?

Karani alipokea kikombe, akasema ripoti bado haijatoka. Fundi Saa hakumtazama. Alikuwa anafuta lenzi yake kwa ncha ya shati, ingawa ilikwisha kung'aa.

Kinyozi alishikilia kuwa wanunuzi ni watengeneza saa wakubwa walioishiwa majina. Dereva Mstaafu, ambaye hakubali jambo likisemwa na mwingine kwanza, alisema saa hawana haja nazo, wanautaka muda wenyewe. Wanayanunua maneno yote yanayohusu saa, na si muda mrefu mtu atauliza saa ngapi na kutozwa. Kinyozi akasema basi ni mfalme anamnunulia mwanawe zawadi.

— Mfalme wa wapi wewe, alisema Dereva. Hiyo ni mashine. Siku hizi zinanunua zenyewe, mwenye pesa yuko kitandani anakoroma.

Wakaendelea hivyo, kila mmoja akipandisha dau, mpaka jina la Fundi Saa likawa limeshafika mwezini, linabandikwa kwenye saa ya ukutani huko. Karani alikunywa kahawa yake bila kucheka.

Jana yake alikuwa amemwandikia mnunuzi kwa anwani aliyopewa na Fundi. Jibu lilikuja haraka, kwa lugha ya heshima kubwa: kampuni inathibitisha, bei ni hiyo hiyo. Na chini kabisa, baada ya shukrani: "Na mgongo wako, umepata nafuu?" Karani alilisoma tena na tena. Mgongo wake anaulalamikia hapa kijiweni tu, na anayemuuliza habari zake ni mtu mmoja. Alipotazama daftari la usajili wa majina ya tovuti, jina bado lilikuwa la Fundi Saa. Alikuwa amejiuzia mwenyewe.

Sababu nayo aliijua. Mtoto wa Fundi yuko mbali, anafanya kazi za kompyuta, na ripoti ile huisoma. Mara ya mwisho walipozungumza alimwambia baba yake jina lile ni takataka, aache kulilipia. Wakatupiana maneno, na tangu hapo simu ikawa kimya. Siku moja, kama mzaha, Fundi alimwambia Karani: mtoto akiliona kwenye ripoti, atapiga.

Na Karani, Mungu amsamehe, alikwisha kuliingiza kwenye ripoti. Akalifuta. Akalirudisha. Alijiambia ni mstari mmoja tu, utamuumiza nani? Lakini wanaosoma mistari ile hupangia bei zao humo, na huenda pakawa na mtu mahali fulani atakayetoa akiba yake yote kwa sababu ya uongo huo. Alfajiri alianza kusali, akaiacha sala katikati. Upande wa pili lilikuwapo jambo dogo, la aibu hata kulitamka: akimwangusha Fundi Saa, ni nani tena atakayemuuliza habari za mgongo?

Mama mmoja, mteja, alikuja kuchukua saa yake. Aliketi ukingoni mwa benchi wakati Fundi anaifunga saa mkanda, akasikiliza habari za mfalme na mashine, kisha akauliza kwa upole:

— Samahani, ndugu zangu. Huyo aliyenunua anaitwa nani?

Kinyozi alimtazama Dereva. Dereva akamtazama Fundi. Fundi aliinamia mkanda.

— Mwambie wewe, Karani, alisema taratibu. Si alikujibu?

Karani aliweka kikombe chini.

— Alinijibu. Ila sikuweza kumthibitisha. Habari hiyo haitoki.

— Wiki ijayo labda, alisema Kinyozi.

— Hata wiki ijayo.

Mama alichukua saa yake, akaaga. Kinyozi akajikumbusha kuna kichwa cha kunyoa, Dereva akasema anaitwa nyumbani. Fundi alikuja akakaa alipokuwa amekaa yule mama.

— Ulijuaje?

— Uliniuliza habari za mgongo.

Fundi alicheka kidogo, kicheko kikafia njiani.

— Nilisahau kwamba mimi ni kampuni.

— Namba yake unayo?

— Ninayo.

— Basi mpigie wewe.

Fundi alitoa simu, akalitafuta jina la mwanawe, akalipata. Kidole kikabaki hewani.

— Nikishamsalimia, Karani, nimwambie nini?

Miaka yote ya kazi yake, watu ambao Karani aliwaandikia aliwauliza swali moja tu, kama ni kweli wameuza. Alisogea karibu, mgongo ukilalamika. Simu ikalala juu ya benchi katikati yao, na baada ya muda kioo chake kikazimika.