Bi. Nakhumicha Were, Aliyesafisha Majina ya Watu

Baada ya miaka ishirini na sita katika Sacco yetu ya akiba na mikopo hapa Westlands, Nairobi, Bi. Nakhumicha Were anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza mapokezi, kisha akahamishiwa dawati la malalamiko kwa muda tu. Muda huo haujaisha hadi leo.

Kutulia kitini hakuwezi. Akipiga simu huzunguka ofisi nzima, na chai ya meneja wetu, Bw. Mbuthia, imemwagika mara kadhaa kwa sababu hiyo.

Wengi tunamkumbuka kwa kesi ya Nyokabi, muuguzi wa Kabiria. Alikuwa amepata kazi hospitalini, kilichobaki ni cheti cha kuonyesha hajakwama na mkopo. Lakini ripoti yake ikasema ameshindwa kulipa mkopo wetu. Alifika dawatini kwa Nakhumicha. "Mama, sijawahi kukopa hapa, hata mlango wenu nimeujua leo!" Hospitali ilikuwa imempa hadi Ijumaa.

Nakhumicha alipofukua rekodi, alikuta sisi ndio tuliokosea nambari ya kitambulisho ya mdaiwa mwingine, tukaandika ya Nyokabi. Bw. Mbuthia alitaka marekebisho yapitie njia ya kawaida.

"Kosa ni letu, na anayeumia ni yeye," Nakhumicha akamwambia. "Weka sahihi hapa, naenda tao."

Alimshika Nyokabi mkono wakaenda pamoja hadi ofisi ya taarifa za mikopo katikati ya jiji, wakapinga rasmi rekodi ile. Wakaambiwa wangoje. Nakhumicha akawa anarudi huko kila asubuhi, mpaka askari wa mlangoni akaanza kumwita shemeji.

Ijumaa ikapita. Kazi akapewa mtu mwingine. 

Jina la Nyokabi lilisafishwa wiki iliyofuata. Wengine tulidhani yameisha. Nakhumicha akamkalia Bw. Mbuthia hadi akaandika barua ya kukiri kosa letu, kisha Nakhumicha mwenyewe akaipeleka hospitalini. Nafasi nyingine ilipotokea, Nyokabi aliitwa. Yuko huko mpaka sasa, wodi ya watoto.

Tangu hapo hatumripoti mtu yeyote kabla ya kumpigia simu. Kanuni hiyo ni ya Nakhumicha.

Mama, asante kwa kutunyima usingizi. Tunajua jana ulipiga simu tena kuhusu malalamiko ya mwanachama wetu, Bw. Ndeti. Tumeyachukua, tutayamaliza. Tunakuombea afya na siku njema nyumbani. Na tafadhali, Jumatatu usije.