Nondo Katika Dirisha la Tadei

Zimeni hiyo redio, kisha mkae chini nyote, na wewe Tadei pia, ambaye suruali yako ya ofisini inaogopa mkeka wa mama yako. Sikilizeni wanangu bila kunikatiza, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema tu, haitoshi kubishana. Padre amekwisha kunipaka mafuta, na ya kwangu na Mungu tumekwisha kuyaongea. Haya yaliyobaki ni yenu. Nimemwita na baba yenu mdogo Leonsi awe shahidi, na yeye mwenyewe anajua kwamba sikumwita kwa mapenzi.

Nianze na yale mepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu Gaudiosa mpaka naye atakapoitwa, na asije mtu akamwambia ahamie chumba cha uani eti wageni wanakuja. Shamba la ulezi la njia ya Matai achukue Victor, kwa kuwa ndiye anayelilima, na lile la mahindi achukue Tadei, alilime au alikodishe, shauri yake. Ng'ombe mwulizeni mama yenu, yeye anawajua kwa majina. Hayo yangekuwa ndiyo maneno yangu yote, na ningekufa kwa utulivu kama wazee wengine wa Sumbawanga hii, kama msingeingia bandani kwangu ninakotengenezea pikipiki.

Mlipoambiwa kule hospitali kwamba nirudishwe nyumbani nikapumzike, mlielewa maana yake, na mimi niliielewa vilevile. Lakini nilikuwa bado nalishwa uji kwa kijiko wakati ninyi mko bandani mnagawana. Niliposhushwa kwenye gari niliomba nipitishwe bandani kwanza kabla ya kitanda, na mlitazamana, mkadhani homa inanisemesha. Nikaona ukuta. Misumari ipo, zana hazipo. Sikuwa nimelia tangu nimzike mama yangu, lakini siku ile nililia, na mkasema ni maumivu ya tumbo.

Mligawana kwa haki, sikatai. Kila mtoto kitu chake, kama wanawake wanavyogawana sufuria msiba ukiisha. Victor akachukua bomba la kugongea sili, Tadei akachukua nondo ndefu, na Hilaria, aliyefanya kazi na mimi humo ndani tangu amalize shule, akapewa chupa ya kupimia oili, kwa sababu ni mtoto wa kike, ataolewa, vyuma vya nini. Hata chupa yenyewe ni ile aliyonyonyea maziwa akiwa mchanga, yenye mistari ya vipimo pembeni. Mkaona mmemaliza vizuri kwa kuwa hakuna aliyegombana na mwenzake. Ningefurahi zaidi mngepigana.

Sasa niwaambie mlichokifanya, maana wawili wenu hamkijui. Zile pikipiki za zamani walizoziacha mapadre na wauguzi wa enzi zile, ambazo ninyi mnaziita makorokoro, zina shokapu za mbele, ile miguu miwili inayobeba gurudumu. Ukitaka kubadilisha sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje, lazima ufungue bolti iliyo chini kabisa ya mguu. Lakini ukiizungusha, fimbo ya ndani nayo inazunguka pamoja nayo, utazungusha mpaka jioni. Kwa hiyo mtu mmoja anaingiza chuma kirefu kutoka juu, kinashuka ndani ya bomba gizani mpaka kwenye kichwa cha ile fimbo, kinauma, naye anakikazia kwa nguvu zake zote, huku mwenzake akifungua chini. Kiwanda kilitengeneza kifaa chake, lakini kifaa hicho hukipati hapa, wala Mbeya, wala kokote ninakokujua. Mimi nilikitengeneza kwa nondo, na kichwa chake nilikichonga kutoka kwenye bolti ya lori. Bomba la Victor ndilo linaloshindilia sili mpya bila kuichana. Chupa ya Hilaria ndiyo inayohakikisha miguu yote miwili imekunywa oili sawasawa, maana ikizidi upande mmoja, pikipiki itamtupa mtu kwenye kona za kushukia Milepa. Vitu hivyo ni kitu kimoja. Bomba bila nondo ni bomba tu, na nondo bila bomba ni nondo tu.

Ndiyo, Tadei, nimelitumia neno lako. Nitalirudia, usiwe na wasiwasi.

Nilidhani mnaujua mkasa wa baba yenu mkubwa Felisian, maana nimeusimulia mpaka mmekuwa mkipiga miayo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Babu yetu alikuwa mtu wa malungu, yale matanuru marefu ya udongo waliyoyeyushia chuma wazee wetu, ambayo siku hizi mnayaona visiki tu mkienda Namanyere. Na babu alikuwa akisema vyombo vya tanuru havigawanywi, vinakwenda vyote kwa mtu mmoja au vinabaki pale pale. Felisian alipofariki, ndugu wakakaa, wakagawana zana zake kama mlivyogawana ninyi, kwa upole, kila mtu kimoja. Leonsi, usiinuke, kaa, mdogo wangu, nasema mbele yako ili nisikusengenye. Wewe ulichukua bomba lake, ukalichomeka ardhini, ukafungia mbuzi. Nilikuja kwako nikakuomba kwa heshima, nikakuletea na pombe ya ulezi, ukainywa, ukaniambia lile ni lako la urithi na mbuzi wako wamelizoea. Mbuzi wamelizoea! Tangu siku ile sijaonja hata maji nyumbani kwako, na wewe hukuwahi kuniuliza kwa nini. Nilianza upya na tupa ya kuchongea vyuma na mikono yangu, nikaharibu vyuma vya watu mpaka nikapatia. Leo nakuachia jambo hilo. Sikuachii kwa kuwa nimelisahau, nakuachia kwa kuwa sina mahali pa kwenda nalo.

Kwa hiyo niliporudi kutoka hospitali nilitoa amri moja tu, kila kitu kirudi ukutani kabla sijafa. Hilaria alirudisha chupa yake saa ileile, imeoshwa. Victor alifika na bomba amelifunga kwenye gunia, lina udongo kidogo, alikuwa amegongea vigingi vya uzio, lakini mdomo wake haujapinda, nimeupapasa mwenyewe. Ahsante, Victor. Nilimngoja Tadei. Tadei akaja kutoka Namanyere na mkate na maziwa ya pakiti, akanisalimu shikamoo baba, akakaa palepale alipokaa sasa, akazungumza habari za mvua. Ilibidi nimuulize mara ya pili ndipo akasema nondo ipo kwenye dirisha.

Dirisha la nyumba yake mpya! Fundi wake alipungukiwa nondo moja, naye akaona hii hapa, imelala kwenye buti la gari bila kazi. Wakaikata vipande viwili, kile kichwa nilichokichonga wiki nzima kikatupwa na takataka za ujenzi, wakachomelea, wakapaka rangi nyeupe. Na nilipomwuliza mwanangu, mzaliwa wangu wa kwanza, niliyempakia mbele yangu kwenye tangi la pikipiki kumpeleka shule kila asubuhi ya baridi ya huku kwetu, akanijibu, "Baba, ni nondo tu. Nitakununulia nyingine, ndefu kuliko hiyo."

Neno hilo limeniuma kuliko ugonjwa huu. Usilie sasa, Tadei. Ungelia kule dukani uliponunua nondo za madirisha ukahesabu vibaya.

Nilikusudia kukuamuru uvunje dirisha. Usiku kucha nimelivunja mwenyewe kichwani, kwa nyundo, na kuta zako nikazipasua. Lakini kipande kifupi hakifiki chini ya bomba, hata ukikirudisha hakina kazi. Basi kaa nacho. Kila ukifungua pazia kumekucha, kitazame.

Hili sasa ndilo neno langu, na Leonsi alishike kama lilivyo. Banda na vyote vilivyomo ni vya Hilaria, kitu kimoja kisichokatwa. Akiolewa, aondoke navyo vyote, na mume atakayekataa vyuma sebuleni huyo si mume. Asije mjomba wala shangazi akasema mtoto wa kike harithi karakana. Na yeye naye, siku yake ikikaribia, amtafute mmoja, hata kama si wa ukoo wetu, amwachie vyote. Wa ukoo wetu mmeona tunavyofanya.

Ipo pikipiki ya katekista Mathias wa Milepa, imelala humo bandani, miguu yake ya mbele imeng'olewa. Nilimwahidi. Yeye hanidai, lakini nasikia anazunguka vigango vyake vya vijijini kwa miguu tangu niugue, na umri ule. Miguu ile haitafunguliwa bila nondo, na nondo haipo, na anayejua kipimo ni mimi, ambaye ninakwisha. Kwa hiyo Hilaria, nisikilize vizuri, mama, acha kunipepea.

Urefu wa nondo ni kutoka begani kwangu mpaka ncha ya kidole cha kati. Njoo upime. Nyoosha... hivyo. Mkono wako ni mfupi, ongeza kiganja. Kichwa chake usitumie nondo, ni laini, itajiviringa. Juu ya rafu ipo bolti ya lori, imefungwa kwenye kitambaa. Ichonge pembe nne, ikienda ikipungua kama kabari, ili iingie kwenye tundu lolote na ibane. Usichonge kwa mashine, inakula upande. Chonga kwa tupa. Ijaribu mara kwa mara. Ukiona... nipeni maji. Kidogo tu. Ukiona imekaa na haichezi, hapo acha, usiendelee kwa uroho. Ndipo ukaichomelee kwenye nondo mpya.

Nenda sasa. Sitaki unitazame nikifa, utaona siku nyingine watu wakifa, hapa hawakosekani. Nenda ukaanze nikiwa bado nasikia, ukikosea nikuambie. Na wewe Tadei, vua hayo makoti yako, nenda ukamshikie dada yako. Jiliwa ya bandani, ile ya kubania chuma, ina meno mabovu, chuma kinacheza, lazima mtu akishike. Shika tu. Usimfundishe.

Wameondoka? Gaudiosa, inua kichwa changu. Victor, kaa na mama yako. Ulezi uvune mapema mwaka huu, mvua zitakatika. Leonsi... mbuzi hawajambo? Vizuri. Msinizike na saa yangu, mpeni mtu. Msiweke matanga marefu, watu wana mashamba. Mungu awatunze wote, na yule wa dirisha aliyeniudhi pia, amtunze huyo zaidi, kwa sababu mimi nimemaliza maneno mabaya juu yake, sijabakiza jema la kumwombea ila hilo.

Nyamazeni kidogo. Isikieni tupa... imeanza.

Huyo si Hilaria. Hilaria haburuti hivyo. Nani anayechonga? Ni Tadei huyo. Anairudisha tupa imegusa chuma, ataua meno yake... Hapana, Victor, kaa. Msimnyang'anye. Mwambie tu kwa sauti, kupitia dirishani. Akienda mbele abonyeze. Akirudi, ainue. Mwambie... ainue.