Waya Mkuu wa Nyumba Kumi na Mbili

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Fundi Viatu. Ukikaa hapo uliliona vizuri jengo jipya la ng'ambo ya barabara: ghorofa nne, nyumba kumi na mbili, rangi imeshakauka lakini umeme bado. Waliolikalia walikuwa wale wale wa kila asubuhi. Kulikuwa na Mzee Jumlisha, karani wa stoo aliyestaafu, ambaye hakuweza kuona vitu viwili bila kuvijumlisha. Kinyozi, aliyeamini kwamba mtu akishika vichwa vya watu miaka ishirini hujua kila kitu. Na Muuza Kahawa, aliyekaa karibu na jiko lake akijifanya hasikii. Fundi Viatu alikuwa akishona soli kimya, na kimya si tabia yake. Binti yake ni fundi umeme, na saa nne asubuhi hiyo mwenye jengo angekuja kuamua kama kazi ya kuingiza umeme ni ya binti huyo au ya fundi mwingine. Ingekuwa kazi yake kubwa ya kwanza.

Karatasi ya hesabu ya binti ilikuwa mkononi mwa Mzee Jumlisha. Baba mtu ndiye aliyemwonyesha, kwa kuringa tu, na sasa alijuta.

— Jiko, pasi, hita ya maji, friji, taa, alihesabu Jumlisha. Kila nyumba kilowati nane. Nane mara kumi na mbili ni tisini na sita. Binti yako kaandika hamsini. Hizo arobaini na sita zimekwenda wapi?

— Labda kazisahau, alisema Kinyozi.

— Kilowati arobaini na sita si mwavuli, usahau kwenye basi.

Fundi Viatu alivuta uzi kwa nguvu. Alijua kitu kimoja tu kuhusu kazi ile, alichoambiwa na mwanawe: waya mkuu wa jengo huchaguliwa kwa hesabu ile, ukiwa mwembamba mno hupata moto, na ukiwa mnene mno bei yake humkimbiza mwenye jengo. Alitamani sana mwanawe awe sahihi, lakini hesabu ya Jumlisha aliielewa, na ya mwanawe hakuielewa.

Kinyozi naye hakuchelewa. Alieleza kwamba umeme hupanda ngazi kama watu, ukifika ghorofa ya nne umechoka, kwa hiyo wa juu wapewe waya mnene kuliko wa chini. Jumlisha akauliza mbona basi taa za juu haziwaki kwa kuhema. Kinyozi akasema zinahema, ila watu hawasikilizi. Hapo Muuza Kahawa akasahau kujifanya, akasema tatizo ni soketi zisizotumika. Umeme unavujia humo usiku na mchana, na yeye kwake ameziziba zote kwa gundi ya karatasi.

Binti akatokea, ngazi begani, penseli nyuma ya sikio. Aliwaamkia wote kwa zamu, akaiona karatasi yake ilipo, akamtazama baba yake. Mwenye jengo alikuwa anakuja nyuma yake, mtu mpole mwenye haraka. Jumlisha hakusubiri hata salamu ziishe, akalirudia swali lake la arobaini na sita.

— Baba, alisema binti, mtaa huu una jozi ngapi za viatu?

— Nani azihesabu? Maelfu.

— Umewahi kuletewa zote siku moja?

— Ningekuwa nimeshazikwa.

— Basi na umeme ni hivyo hivyo. Huyu anapika, yule anapiga pasi, wa tatu yuko kazini. Hawawashi vyote pamoja.

Wala hakubahatisha. Wiki nzima alikaa chini ya ngazi za jengo jingine la nyumba kumi na mbili, kifaa cha kupimia kimekumbatia waya mkuu, akiandika kila robo saa tangu alfajiri. Kilele kilikuwa kilowati thelathini na nane, saa moja jioni. Akaongeza pampu, taa za ngazi na akiba, akapata hamsini. Jumlisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema taratibu kwamba maisha yake yote stoo hakuna aliyemwambia vitu vina zamu. Fundi Viatu alijaa furaha mpaka sindano ikamchoma kidole.

Kisha jambo likaiingilia furaha yake. Akalimeza, likagoma kushuka.

— Mwanangu, alisema, wiki shule zinapofunguliwa, huwa wananiletea viatu vyote kwa pamoja.

Mwenye jengo akamgeukia binti. Fundi Viatu aliona aibu hadi masikioni. Kazi ilikuwa imeshafika mkononi mwa mwanawe, naye ndiye anayeipokonya. Binti hakukasirika. Alikuwa anawaza.

— Umeme una siku kama hiyo? aliuliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe.

Kinyozi akanyoosha kikombe aongezewe. Muuza Kahawa akaligeuza birika juu chini, tone moja likadondoka.

— Imekwisha, alisema. Leo siku ya nne bomba halina maji.

Binti akaitoa penseli sikioni.

— Wiki niliyopima, maji yalikuwa yanatoka kila siku, alisema polepole. Yakikatika siku nne halafu yakarudi, nani atangoja zamu? Pampu, hita, mashine za kufua, pasi, nyumba zote kumi na mbili, saa ile ile.

Akaichukua karatasi kwa Jumlisha, akaikata ile hamsini kwa mstari.

— Hesabu hii haijaisha, mzee, alimwambia mwenye jengo. Usinunue waya kwa namba hii.

— Yule mwenzako alinipa namba kwa dakika tano, alisema mwenye jengo. Hata pikipiki hakuizima.

Fundi Viatu aliinamia kiatu, kwa woga na kwa fahari, asijue kipi kimezidi.

— Wewe utanipa yako lini?

— Nikipima siku maji yatakaporudi.

— Na yanarudi lini?

Aliwauliza wote. Jumlisha akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Muuza Kahawa, na Muuza Kahawa akachungulia ndani ya birika. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, hapakuwa na mwenye nadharia.

Mwenye jengo akajipangusia nafasi kwenye ubao.

— Basi nitamngoja binti yako, alimwambia Fundi Viatu, akakaa.