Shati la Askari wa Akiba

Benchi letu liko mtaa wa Rosettenville, huku ugenini, mbele ya cherehani ya Léonce, karibu na roboti, taa za barabarani, inayosimamisha magari hata barabara ikiwa tupu. Asubuhi hii Léonce anashona shati la kijani. Ni la Damien, mdogo wake Gradi, mwenzetu wa benchi. Kwao, Fizi, ambako kuna vita, vijana wameandikishwa katika jeshi la akiba, na kila mmoja ameambiwa aje na nguo zake. Basi la kuelekea huko linaondoka mchana. Shati litaondoka nalo. Jumbe, Mtanzania tunayemwita Redio, anamimina kahawa. Mama Agnès, anayemtunza bibi mmoja wa Kipolandi, ndiye aliyeanza.

— Gradi, baba yake bibi yangu naye alikuwa wa akiba. Vita vya Mjerumani. Divisheni nzima iliitwa haraka haraka, sare hazikutosha. Alipanda treni na kofia ya jeshi na koti lake la kanisani.

— Wakafika? Léonce akauliza.

— Nusu. Reli ilipigwa mabomu. Wengine walishukia huku, wengine kule, wakubwa wanatafuta watu wao porini. Wakapigana hivyo hivyo, wakirudi nyuma mto kwa mto, mpaka wakazingirwa.

— Waliuzwa hao, akasema Redio. Jenerali alikula nauli ya treni.

— Redio, kunywa kahawa.

— Au divisheni yenyewe haikuwepo! Ilikuwa ya karatasi tu, ya kumtisha Mjerumani.

— Ya karatasi? Na baba wa bibi yangu alikwenda wapi?

— Msituni, mama. Wako huko mpaka leo. Nani aliwaambia vita vimeisha?

Léonce alicheka. Gradi hakucheka.

— Mama Agnès, wale wa makoti, walipokamatwa ikawaje?

— Wenye sare walifungwa. Baba yake bibi, Wajerumani wakasema si askari, ni mhuni wa porini. Wakampiga risasi kando ya njia.

— Ndiyo maana namshoneshea shati, akasema Gradi. Damien akishikwa, waone ni askari.

— Eish, kaka. Na droni ikiona kijani? akasema Redio.

— Bila shati ni mhuni. Akiwa nalo ni shabaha. Nichague lipi, Redio? Si wewe unajua yote?

Léonce akakata uzi.

Hapo akafika Capitoline, Mrundi mgeni mtaani, ameleta gauni lililoharibika zipu. Akaliinua shati, akalitazama.

— Mbona pana hivi? La nani?

— La mdogo wangu.

— Vipimo mlitoa wapi?

— Nilipimwa mimi.

— Kwani mnalingana?

Gradi akasimama. Alipoondoka nyumbani, Damien alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na tangu hapo hajamwona. Akaweka mkono kiunoni kuonyesha kimo cha mdogo wake. Akaupandisha mbavuni, begani, akaushusha tena. Mkono ukabaki hewani.

Redio akatikisa chupa ya kahawa. Tupu. Léonce akavua utepe wa kupimia shingoni, akamsogelea Gradi, kisha hakujua apime nini.