Murunga Anawaachia Mbwa wa Kongo Barabara Yao

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Timothy Murunga anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kusambaza mikate ya Wakarima Bekari kwa baiskeli, kutoka hapa kwetu Kongo, Kawangware, mpaka vibanda vya Kambi Muru na Soweto East kule Kibera. Mimi Ojwang ndiye niliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Haya, si kweli. Alikuja akiijua kutoka kwao Bungoma, na mimi mpaka leo sijui hata kuiegesha. Kazi yangu ni moto wa tanuri. Lakini nimemwona akitoka na kurudi kila asubuhi, kwa hivyo nimepewa mimi kuandika, na wenye digrii wa ofisini wakae watulie.

Mkate hutoka tanurini saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo mbwa wa wenye ploti bado wamefunguliwa, na hakuna anayewafunga mpaka jua litoke. Mkate na mbwa wanatumia barabara moja, na fundi wa Kibera hawezi kungoja chai mpaka mbwa wa Kongo afungwe.

Mwanzoni Murunga alitumia ukarimu. Alimrushia mbwa kipande cha mkate, akapita. Kesho yake wakawa watatu. Mwezi ukiisha alikuwa anasindikizwa hadi Ngong Road na kundi zima, kama mheshimiwa anayeenda kuzindua choo. Mama Wakarima, mwenye bekari, alimwuliza kama tunauzia watu au mbwa. Murunga akajibu kwamba mbwa hawakopi. Hakufutwa, kwa sababu hakukuwa na mwingine anayejua baiskeli.

Akajaribu mbio. Mbwa walifurahi sana. Kreti zilianguka, suruali zake zilirudi vipande vipande, na mimi mwenye sindano nikazishona zote.

Halafu siku moja mnyororo ukakatika mbele ya lango la Mzee Waithaka, ambaye mbwa wake mkubwa anaitwa Afande. (Huyo alikuwa Afande wa kwanza. Sasa tuko na wa tatu, tabia ni ile ile.) Murunga akashuka kwa lazima, akasimama, baiskeli ikiwa katikati. Afande akafika, naye akasimama. Akanusa gurudumu. Akawa kama mtu aliyekuja mkutanoni akakuta umeahirishwa. Murunga akakumbuka vile Waithaka humrudisha, akamwambia kwa Kikuyu, "Thii mucii," yaani nenda nyumbani. Akaenda.

Tangu hapo kazi ikawa kushuka, kusimama, kumtuma mbwa nyumbani kwa lugha ya mwenye ploti, kisha kusukuma baiskeli taratibu mpaka apite lango. Hata kreti moja haikuanguka tena.

Anayechukua nafasi yake ni Phanice. Anaendesha vizuri kuliko Murunga, na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu akimwona Afande anaongeza mbio, mbwa anamfukuza, kreti zinaanguka, na muda unaishia kuokota mikate. Mara mbili mkate ulifika Kibera watu wameshakunywa chai kavu. Mama Wakarima akasema mkate ukichelewa tena, njia anampa mtu wa pikipiki, na Phanice arudi kufulia watu nguo.

"Mzee, huyu Afande ako na mimi personal," Phanice alimlalamikia Murunga.

"Hana shida na wewe. Anataka magurudumu. Ukisimama, amekosa kazi."

"Na asipoelewa?"

"Ojwang ana sindano."

Jumanne wiki hii Murunga alikataa kumsindikiza. Lango la Waithaka lina taa na linaonekana kutoka hapa, kwa hivyo tulipanda juu ya kuni tukatazama, yeye na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Afande akatoka. Tukaona miguu ya Phanice inaanza mbio. Murunga akashika bega langu, na bado linauma. Kisha Phanice akashuka. Akaweka baiskeli katikati. Akasema maneno yale kwa Kikuyu chenye lafudhi ya kwao Vihiga.

Dirisha la juu likafunguka. Waithaka alikuwa na vesti.

"Nani huyo anatuma mbwa wangu?"

"Ni mimi, guka!" Phanice akajibu, akimwita babu kwa Kikuyu. "Mwambie na wewe!"

"Nimwambie nini? Si unaona anaenda?"

Baadaye Trizah wa kibanda cha Kambi Muru akapiga simu: mkate umefika, na maji ya chai bado hayajachemka. Mambo ya pikipiki hayajatajwa tena. Jina la Phanice limeshapakwa rangi kwenye sanduku la baiskeli.

Murunga, asante kwa kulisha Kibera asubuhi zote hizo. Nenda Bungoma ulale mpaka jua likuchome, na ukipanda baiskeli iwe ni ya kwenda kusalimia watu tu.

Lakini Jumamosi, kabla ya basi, pitia kwangu. Kwa suruali zile hujanipa hata soda, na soda sitaki. Nataka unipeleke kwa kinyozi aliye ng'ambo ya lango la Waithaka, maana miaka yote hii nazungukia sokoni nisikutane na mbwa huyo. Kuja na baiskeli. Wewe utakaa upande wa Afande, mimi ule mwingine.