Akulina Prokopyevna Neustroyeva, Mpima Hewa wa Uwanja wa Arilakh (1958–2016)

Akulina Prokopyevna Neustroyeva alizaliwa tarehe 3 Februari 1958 katika kambi ya wafugaji farasi, kilomita kumi na moja kutoka kijiji cha Arilakh, kando ya mto Indigirka, kaskazini mwa Siberia. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Prokopi na marehemu Matryona, na wa kwanza kuvuka umri wa miaka miwili.

Alisoma hapa kijijini, kisha mjini Yakutsk, alikohitimu kozi ya upimaji wa hali ya hewa mwaka 1978. Wenzake walibaki mjini. Yeye alirudi, alisema mjini mtu haoni mbali.

Mwaka 1980 aliolewa na Afanasi Neustroyev, fundi wa injini za ndege. Walijaliwa binti mmoja, Tuyaara. Afanasi alitangulia mwaka 2003 kwa ugonjwa wa moyo.

Shirika la ndege la Indigir-Avia lilianzishwa mwaka 1994 kama tawi la shirika kubwa la mjini, likapewa ndege tatu kuukuu zenye mabawa mawili kila upande, juu na chini, na vijiji tisa visivyo na barabara. Akulina akawa mkuu wa uwanja wetu, mpima hewa, mpima mizigo na mfukuza farasi. Bibi mmoja aliwahi kuja amevaa makoti matatu ili mzigo wake upungue. Akulina akamwambia, “Ingia, Bibi, ila usikae upande mmoja na yule mnene Pyotr, ndege italala ubavu.”

Kando ya njia ya ndege yalisimama mapipa mekundu matatu, moja kila mita mia tano. Kila asubuhi alihesabu yanayoonekana, akatangaza kwa redio. Yakionekana yote, ndege ilikuja. Yakipungua, haikuja.

Mwaka 2010 wakubwa wa mjini walitangaza kwamba kijiji kitakachopata safari chini ya sita mwezi wa Oktoba kitafutwa kwenye ratiba ya ndege. Ukungu wa mto ulitukalia wiki tatu. Siku ya mwisho ya mwezi tulikuwa na safari tano. Watu walijaa mlangoni kwake, mbele yao jirani yake Stepan.

“Dada, sema matatu tu. Rubani ni Gavril, anaijua njia hii kama choo cha kwao.”

“Gavril ana watoto.”

“Na sisi tuna nini, mbwa?”

Aliingia ndani akatangaza mawili. Arilakh ikafutwa, vijiji vingine vikafuata, na Aprili 2011 shirika lenyewe likafungwa. Vuli ya mwaka huo mke wa Stepan alifariki kwa uzazi, akisubiri mto ugande upitike. Stepan hakumwamkia Akulina kwa miaka minne. Akulina hakujitetea. Aliendelea kuhesabu kila asubuhi, kwa ajili ya ndege ya wagonjwa tu, iliyoanza kuja baada ya kifo hicho, na uso wake ulizeeka upesi.

Tarehe 16 Januari mwaka huu kidonda chake cha tumbo kilipasuka. Zahanati yetu haina mpasuaji. Mchana rubani Gavril, ambaye siku hizi huendesha ndege ya wagonjwa, aliita kwa redio. Kitanda cha Akulina kilikuwa kwenye dirisha linalotazama mapipa.

“Mama, mapipa mangapi?”

“Mawili.”

“Angalia tena, Mama. Nakuomba. Nitakuja hata kwa mawili.”

“Ukija, sipandi.”

Tuyaara alimpokonya redio, akapiga kelele, “Matatu! Yako matatu, Gavril, njoo!”

Akulina akasema kutoka kitandani, kwa sauti iliyosikika upande wa pili, “Gavril, huyu anamlilia mama yake. Ni mawili.”

Ukungu ulikaa siku tano. Akulina alifariki tarehe 18, saa nane na dakika ishirini mchana. Stepan ndiye aliyewasha moto wa kuyeyusha ardhi hii, siku mbili usiku na mchana, hata kaburi likachimbika.

Marehemu ameacha mkwe mmoja, Roman. Wajukuu wawili, Aisen na Nyurguyana. Kijiji kisicho na ndege. Na binti yake Tuyaara, ambaye hata asubuhi ya leo amesimama kwenye dirisha lile, akiapa kwamba siku hiyo pipa la tatu yeye aliliona.

Mungu amlaze penye utulivu, na udongo huu mgumu uwe mwepesi juu yake.