Nyasi Ambazo Hakunifunga

Mama zangu, na nyinyi wababa mlio kule nyuma karibu na mlango, chamgei, nawasalimu kwa lugha yetu. Namshukuru Mungu nimesimama hapa kwa miguu yangu. Mchungaji ameniomba niongee kwa upole na nisitaje mtu jina. Jina sitataja. Upole nitajaribu.

Nilikuwa mchuma chai huko Boito. Karani mmoja wa kupima majani alinipenda, nikahamia kwake kwenye nyumba za kampuni. Babangu anakaa Siongiroi. Yule mtu aliahidi kwamba akipata likizo tutaenda huko na ng'ombe, tufanyiwe harusi ya kwetu. Likizo zilikuja, zikapita. Nikazaa msichana, nikazaa mvulana, na bado ananiambia ngoja kidogo.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu akizoea kukwambia ngoja kidogo, ujue yeye hangoji. Alileta mwanamke mwingine, akaniambia nitoke. Nikatoka, mvulana mgongoni, msichana nimemshika mkono. Akatufuata mpaka barabarani akaninyang'anya wote wawili. Mvulana alikuwa bado ananyonya. Maziwa yalinitoka mpaka nguo ikalowa, na nikapita mbele za watu hivyo hivyo.

Nikashtaki kwa wazee wa korti. Nilidhani wataniuliza ni nani aliwalea watoto. Wapi! Yule mtu alivaa koti, akasema alinioa kwa mila, akasema mimi ni mama mbaya, nawaacha watoto wakilia nikienda kuchuma chai. Kana kwamba hiyo chai si yeye aliyekuwa anaipima kila jioni. Kwa wale wazee, kama ndoa ni kamili, watoto ni wa ukoo wa baba, hata mama awe malaika. Babangu alikuwa mgonjwa, hakuwepo wa kunisemea. Wakampa watoto.

Mama mmoja Mkisii, tuliyekuwa tunachuma naye, alinipa mahali pa kulala. Sikuwa nalia. Nilikuwa nawaza tu vile nitamwaibisha yule mtu. Nilikwenda shambani na hasira, nikarudi nayo. Mwishowe yule mama akaniambia, "Dada, hiyo hasira ipeleke kwa babako. Hapa unaharibu majani tu."

Nikaenda Siongiroi. Babangu alipopata nafuu tukakata rufaa kwenye korti ya juu. Sasa hapa nisikilizeni vizuri.

Mzee aliyeongoza korti alimuuliza yule mtu, "Segutiet mlifungana?" Kwa wageni wetu, hizo ni nyasi ambazo bwana na bibi wa Kipsigis hufungana mkononi siku ya harusi. Bila hizo ndoa haijakamilika, hata mkae nyumba moja mpaka mzeeke.

"Tulifungana," akajibu.

"Mbele ya nani?"

Akamwonyesha amu yake, aliyekuja naye awe shahidi. Mzee akamwambia amu, "Basi kula kiapo."

Mnajua kiapo chetu. Ukiapa uongo hakikumalizi wewe peke yako, kinamaliza nyumba yako yote. Yule amu alisimama, akamgeukia yule mtu. "Kijana wangu," akasema, "kusema nilikubali. Kuapa siapi. Mimi nina wajukuu."

Mzee akamwambia yule mtu, "Basi hujaoa. Watoto ni wa nyumba ya baba wa huyu mama."

Nilifurahi, mama zangu. Mchungaji, usinitazame hivyo, nasema ukweli. Watu walimcheka na mimi nikataka wacheke zaidi. Nilisimama mlangoni makusudi ili apite karibu yangu, na alipopita nilimkazia macho mpaka akainamisha kichwa. Nikikutana naye leo nitamfanyia vilevile.

Asante kwa babangu, aliyetembea kwa fimbo mpaka kortini. Asante kwa yule mama Mkisii, yuko pale, anaficha uso. Hata yule amu namshukuru, ingawa aliogopa kiapo kuliko alivyonihurumia mimi. Na nyinyi wasichana, mjue mmeolewa vipi kabla korti haijawauliza. Mimi kukosa harusi ndiko kulikoniokoa. Aliyefungwa nyasi na mtu kama yule angefanya nini? Nimewauliza wazee, hawajanijibu.

Mmeniombea nisamehe. Nimewasikia. Lakini yule mtu alimfundisha mwanangu, yule mvulana, kumwita yule mwanamke mama. Siku nilipoenda kuwachukua alijificha nyuma ya mlango, akalia, akaniogopa. Sasa tunakula sahani moja, namlaza kando yangu, na bado ananiita shangazi. Siku atakayoniita mama, njooni mniulize tena habari ya kusamehe.